Kabla ya kushusha injini, zisome plagi

ILIKUWA Jumamosi ya Desemba 2008, na nyumba nzima tulikuwa tumevalia nguo za arusi. Mama watoto alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, zawadi mapajani, na watoto wamebanana nyuma. Tulitarajiwa Limuru saa tatu. Nikazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likakohoa tena, kisha likanyamaza kabisa. Baada ya robo saa ya kulibembeleza, binti yangu na kaka yake walishuka na viatu vyao vipya wakaanza kusukuma, na hapo ndipo majirani wa Buruburu walipojua rasmi kwamba Corolla yangu ilikuwa mgonjwa.

Arusi tulikwenda kwa matatu.

Mpenzi msomaji, ikiwa unamiliki gari la miaka hiyo, hadithi hii si ngeni kwako. Gari langu lilikuwa Toyota Corolla ya 1983, ile ambayo makanika huiita KE70, yenye injini ya 4K ya lita 1.3. Nililinunua miezi miwili kabla ya siku hiyo kutoka kwa mjomba wangu wa Mombasa, na huko Mombasa, naapa, liliwaka kwa mguso mmoja. Nairobi ikawa kila asubuhi ni vita. Lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka jangwani, lilitoa moshi mweusi, na kwenye mwinuko wowote lilikata pumzi kama mzee mwenye pumu.

Jioni ya Jumamosi hiyo nikamwita fundi. Alifungua boneti, akaniambia nikanyage mafuta huku wenzake wakisukuma, akautazama ule moshi, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Mzee, ringi zimekwisha. Hii injini lazima ishuke." Kushusha injini, kubadilisha ringi na gesketi, kuirudisha: Sh45,000, kazi na vipuri.

Pesa hizo zilikuwepo. Zilikuwa benki, na zilikuwa na jina: karo ya bweni ya binti yangu, aliyekuwa akisubiri kuingia kidato cha tatu mwezi uliofuata.

Simlaumu sana fundi yule. Moshi aliuona kwa macho yake. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulifanya, ambalo lingemchukua dakika ishirini tu, na ambalo mjomba aliniuliza mara tu nilipompigia simu kumlalamikia. Mjomba alifanya kazi ya malori bandarini miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mpwa wangu, plagi umezitazama?"

Sikuwa nimezitazama. Wala sikujua kwamba plagi zina jambo la kusema.

Plagi ni kile kijiti cha chuma chenye shingo nyeupe ya kauri kilichoskurubiwa kwenye hedi ya injini, kimoja kwa kila silinda. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha zikawa zaidi ya 10,000, distribyuta ikazigawa kwa zamu, na umeme huo ukifika kwenye ncha ya plagi hauna njia ila kuruka mwanya mdogo usiofika hata milimita moja. Kule kuruka ndiko cheche, na cheche ndiyo inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi huwa inatoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 25 kila sekunde. Kila cheche humega chembe isiyoonekana ya chuma. Mwanya unapanuka, umeme unataka nguvu zaidi kuuruka, na asubuhi ya baridi, betri ikiwa imechoka kidogo, hauruki. Ndiyo sababu plagi za kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000.

Lakini mjomba hakuwa akizungumzia uchakavu. Ncha ya plagi hukaa ndani kabisa ya chumba cha moto. Hakuna sehemu nyingine ya injini unayoweza kuitoa kwa spana moja na kuiona jinsi huko ndani kunavyoungua.

Basi Jumapili alasiri mimi na binti yangu tukatoka na vifaa. Havikuwa vingi: soketi ndefu ya plagi ya jirani, yenye mpira ndani wa kushika kauri isivunjike, mkono wake, kitambaa, pampu ya baiskeli, na kalamu ya wino mzito. Injini ilikuwa baridi, na hilo si jambo la kupuuza. Hedi ya gari kama hili ni ya alumini, na alumini ikiwa na moto ni laini. Ukilazimisha plagi itoke wakati huo, yaweza kutoka na nyuzi za shimo lake, zile duara inamokaza. Ufunguo tuliutoa, breki ya mkono tukaivuta.

Corolla ya aina hii ina fadhila moja: plagi zake nne zimejipanga upande mmoja, zote wazi. (Wenye Volkswagen ya kobe wanajua ninachosema. Zao ziko nyuma, mbili kulia na mbili kushoto, na vidole huchubuka.) Kabla ya kugusa chochote, tuliandika namba kwenye kila waya, kuanzia moja upande wa rejeta hadi nne. Injini hii huwasha silinda zake kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya nyaya, gari litapiga baruti kwenye ekzosi au lisiwake kabisa, nawe utaanza kumtafuta mchawi. Njia ya usalama zaidi ni kushughulikia plagi moja kwa wakati mmoja: toa waya, toa plagi, rudisha, ndipo uende kwa nyingine. Sisi tulizitoa zote kwa sababu tulitaka kuziona pamoja.

Waya huvutwa kwa kushika kofia yake, si waya wenyewe, kwani ndani yake mna uzi mwembamba unaokatika upesi. Kisha ile pampu ya baiskeli: tulipuliza vumbi lililozunguka kila plagi. Vumbi la Nairobi likiangukia ndani ya silinda litakwaruza kuta zake, na hapo hiyo habari ya ringi itakuwa ya kweli.

Binti yangu ndiye aliyezifungua. Ya kwanza ilikaza, ikatoa mlio, ikalegea. Tulizipanga juu ya gazeti kwa namba zao. Zote nne zilikuwa nyeusi.

"Zimeungua, Baba," akasema.

Nilimpigia mjomba tena. Akauliza swali moja: zimelowa au ni kavu? Nikapitisha kidole. Kilitoka na masizi makavu, laini kama ya kibatari, na chini yake chuma kikaonekana. Hapakuwa na mafuta. Mjomba akacheka. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, alisema, oili ingepanda kutoka chini, na plagi zingelowa weusi wa kung'aa na kunata, nayo ekzosi ingetoa moshi wa buluu. Masizi makavu na moshi mweusi ni habari nyingine: petroli ni nyingi mno kuliko hewa. Isitoshe, ringi hazifi zote nne siku moja kwa kipimo kimoja. Kitu kinachozichafua silinda zote sawasawa hukaa mahali ambapo zote zinanywea, yaani kwenye kabureta au chujio la hewa.

Sasa fikiria, msomaji, gari hili lilitoka wapi. Mombasa iko kandokando ya bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Kabureta ya zamani haina ubongo. Hupima petroli kwa jeti, kitundu kidogo kwenye kipande cha shaba, na kitundu hakijui kwamba kimepandishwa mlimani. Kinaendelea kumimina takriban kile kile kilichotosha Mombasa, ilhali hewa imepungua. Petroli inayozidi haiungui yote. Inageuka masizi, na masizi hupitisha umeme. Cheche badala ya kuruka mwanya huteremka juu ya kauri chafu na kupotelea kwenye hedi. Ndiyo kikohozi cha asubuhi.

Na jiji lenyewe huongeza chumvi kwenye kidonda. Ncha ya plagi lazima ifikie joto la nyuzi 450 au 500 za Selsiasi ndipo ijiunguzie masizi yenyewe. Gari linalotoka Buruburu, likasimama kwenye foleni ya Jogoo Road, likafika mjini na kuzimwa, huenda lisikae juu ya joto hilo kwa muda wa maana wiki nzima. Ndiyo maana gari la jiji laweza kuwa na plagi chafu kuliko la safari ndefu, ingawa limetembea kilomita chache.

Plagi nzima, kwa mtu asiyewahi kuiona, ina rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai ya maziwa yenye majani machache. Nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge, ni ya kuogopwa kuliko nyeusi: injini inaungua kwa joto kupita kiasi, ama kwa petroli chache, ama kwa taimingi iliyokosewa, ama kwa plagi isiyofaa gari hilo. Wazee wa makanika watakusimulia pia rangi ya kijivu ya risasi iliyokuwamo katika petroli ya zamani, lakini petroli hiyo iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo usiitafute.

Tusimdhulumu fundi lakini. Jirani aliyetuazima soketi ana Peugeot 504, naye alipoona maonyesho yetu juu ya gazeti akaenda kufungua zake. Tatu zilikuwa safi. Ya nne ilitoka imelowa oili tititi. Fundi wake alikuwa amemwambia ashushe injini tangu Oktoba, naye akamwita mwizi. Mwezi wa pili aliishusha, na ringi ya silinda hiyo ilikuwa imevunjika vipande.

Masizi tungeweza kuyasafisha. Watu hutumia brashi ya waya au msasa, nami sishauri: brashi huacha alama za chuma juu ya kauri, na alama hizo ni njia nyingine ya umeme kupotea. Hata hivyo ncha za plagi zetu zilikuwa zimelika pembe, na plagi nne za kawaida hazigharimu hata nusu ya kujaza tangi. Nikaenda Kirinyaga Road.

Ukienda huko, nenda na ile ya zamani mfukoni na usome maandishi yake. Chukua mfano wa NGK iliyoandikwa BP5ES. B ni upana wa nyuzi, milimita 14. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Ukichukua ndefu kuliko inavyotakiwa, pistoni yaweza kuigonga. Ile 5 ni kiwango cha joto, na hapa wengi hupotea: kwa NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, lakini kwa Bosch namba ikipanda plagi ni moto zaidi. Usilinganishe kwa kukisia. Ukiona R katikati, kama BPR5ES, maana yake imewekewa kizuizi cha kupunguza mkwaruzo wa redio, na gari la zamani kwa kawaida halitalalamika.

Bandia zipo, na sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 haikuzimaliza. Tazama pete ya chuma iliyo shingoni mwa nyuzi: kwenye plagi halisi imeshikiliwa, haichomoki kwa vidole kwa urahisi. Ncha ya juu iwe imekaa katikati kabisa ya ile ya chini. Nyuzi ziwe laini, zisizo na vinyweleo vya chuma. Ikiwa bei ni ya kushangaza, shangaa.

Nyumbani tulipima mwanya. Gari hili hutaka milimita 0.8, na magari mengi ya pointi hutaka kati ya 0.6 na 0.9; kitabu cha gari lako kitakuambia. Kipimo chake ni geji ya vibamba vyembamba, na huuzwa kwa bei nafuu. Mafundi wengi hutumia kipande cha msumeno wa chuma, ambacho unene wake ni kama milimita 0.65. Si vibaya ukiwa umekwama porini, ila kwa gari linalotaka 0.8 mwanya utakuwa mdogo. Ukihitaji kurekebisha, pinda kile kidole cha nje tu, polepole. Cha katikati usikiguse.

Kisha ile sehemu ambayo wengi huharibu. Plagi mpya haiingizwi kwa spana. Tulichomeka kila moja kwenye kipande cha mpira wa petroli, tukaizungusha kwa vidole. Mpira una hekima kuliko mkono: plagi ikiingia upande, mpira huteleza badala ya kulazimisha. Binti yangu alikwama kwenye namba tatu, akairudisha nyuma, akaanza upya mara mbili, ya tatu ikaingia yenyewe. Laiti angelazimisha kwa spana, nyuzi za alumini zingelika, na hapo ni kutafuta mtu wa kutoboa na kuingiza nyuzi mpya za chuma. Pete ikishagusa hedi, ndipo spana huongeza nusu mzunguko, au zaidi kidogo, sema dakika 30 hadi 40 za uso wa saa. Plagi iliyokwisha kutumika, pete yake imeshalala. Yatosha dakika tano tu za uso huo.

Gari liliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Mama watoto alitoka jikoni kutazama.

Ningeishia hapa ningekuwa nimekudanganya. Wiki tatu baadaye nilifungua namba moja kwa udadisi, nikakuta masizi yameanza kurudi. Bila shaka! Plagi mpya haikuwa dawa ya petroli iliyozidi. Ilikuwa shahidi mpya tu.

Nilimpata fundi mwingine, mzee wa Kariobangi asiyependa maneno. Kwanza aliskurubu geji ya mgandamizo kwenye matundu ya plagi, moja baada ya jingine, na silinda zote nne zikasoma karibu sawa. Ringi zilikuwa nzima. Akatoa chujio la hewa, akaligonga chini, mavumbi yakamwagika kama unga wa posho mill. Akaweka jipya, akabadilisha jeti kuu ya kabureta kwa yenye tundu dogo zaidi. Kazi yote haikufika Sh3,000. Mwezi mmoja baadaye plagi zilikuwa na ile rangi ya chai, na binti yangu alikuwa bweni, karo imelipwa.

Siku hizi wengi wenu mna magari madogo kutoka Japani yasiyo na distribyuta wala nyaya; koili hukaa juu ya kila plagi, na plagi zenyewe huenda ni za iridiamu, ambazo zinaweza kudumu hadi kilomita 100,000. Hizo hazipigwi brashi wala mwanya wake hauchezewi. Lakini zikitoka, zinasomeka vile vile, na unapomlipa mtu abadilishe, una haki ya kuzitaka zile za zamani uzione kwa macho yako, zikiwa zimepangwa kwa namba zao.

Ile jeti ya kwanza sikuitupa. Niliitia ndani ya kiberiti, kiberiti nikakiweka kwenye dashibodi. Aprili 2009 tulipoteremka Mombasa kwa likizo, mjomba hakutukaribisha chai kwanza. Alitaka boneti ifunguliwe na injini ipoe. Baadaye akatoa plagi namba moja, akaigeuza kwenye mwanga, akampa binti yangu aisome.

"Imeanza kupauka, Babu," akasema. "Huku hewa ni nyingi na jeti ni ndogo."

Mjomba akanyoosha mkono bila kunitazama. "Mpwa wangu, lete hicho kiberiti."